Rafu, plau, donati: gh ya Kiingereza inavyosomeka

Mama mmoja wa Tanga ameniandikia hivi: "Mwalimu, shikamoo. Mwanangu yuko darasa la sita, shule inayofundisha kwa Kiingereza. Wamepewa maneno arobaini yenye gh, wakariri tahajia na maana, na Ijumaa kuna imla. Siku ya tatu leo tunakaa naye mezani. Akisoma 'laughter' anapatia, akija kwenye 'slaughter' anasoma slafta. Nikimsahihisha ananiuliza kwa nini, na mimi sina la kumwambia. 'Tough', 'though', 'thought' na 'through' ndiyo kabisa, hata mimi huzichanganya kazini. Kuna kanuni yoyote, au akariri tu kama alivyokariri tebo?"

Marahaba, mama. Kanuni ipo, ila haimo ndani ya gh yenyewe. Imo katika mahali gh ilipokaa na herufi inazopakana nazo. Na tatizo la kwanza naliona kwenye hiyo orodha, ambayo nina hakika imepangwa kwa alfabeti: "bough", "bought", "bright", "brought", "caught", "cough". Mpango huo unamfaa anayetafuta neno kwenye kamusi. Kwa anayejifunza kusoma ni balaa, maana "bough" na "bought" zimekaa bega kwa bega na hazina undugu wowote wa sauti. Leo jioni chukueni mkasi, kateni karatasi hiyo vipande arobaini, kila neno na kipande chake, mvimwage mezani. Tutavipanga mafungu.

Kabla ya mkasi, tumjibu kijana hilo "kwa nini" lake, kwa sababu jibu liko hukohuko Tanga. Mpeleke kwa bibi, au kwa mzee yeyote wa mjini ambaye bado anaamkia "sabalkheri" na kuuliza "khabari". Asikilize ile kh inavyokwaruza kooni. Waingereza nao walikuwa na sauti ya namna hiyo. Miaka elfu moja iliyopita neno lao la usiku liliandikwa "niht", na ile h haikuwa bubu. Ilikuwa jamaa ya kh ya bibi, karibu useme nikht. Binti aliitwa "dohtor", yaani dokhtor. Wajerumani hawajaiacha mpaka leo, wanasema "Nacht" na "Tochter", na Waskoti wakiita ziwa "loch" wanakwaruza vilevile.

Wanormandi, watu wa kutoka Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066, kalamu ilihamia mikononi mwa makarani waliozoea mwandiko wa Kifaransa, na katika karne zilizofuata sauti ile ikaja kuandikwa gh. Kwa hiyo gh haikubuniwa kumtesa mtoto wa mtu. Ilikuwa ndiyo kh yao. Kisha, kati ya karne ya 15 na ya 17, watu wa London na kusini kwa jumla wakaanza kuiacha, kama sisi tulivyoacha khabari tukabaki na habari. Kilichowaponza ni wakati. William Caxton alikwisha kufungua mtambo wa kuchapa vitabu Westminster mwaka 1476, tahajia ikaanza kuganda huku sauti yenyewe iko njiani kuondoka. Sauti ikaenda zake, herufi zikabaki kwenye karatasi. Sisi tahajia yetu sanifu ilipangwa karne ya 20, baada ya Kiunguja kuchaguliwa kuwa msingi wake huko Mombasa mwaka 1928, ndiyo maana kamusi leo zinaandika habari, heri na hofu bila k. Lau kama tungeganda mapema kama wao, mwanao angekuwa na imla ya pili ya Kiswahili.

Pale ambapo kh yao haikufa kabisa, iligeuka f. Hili kijana anaweza kulijaribu mwenyewe mezani: akunje midomo kama anayetaka kupuliza chai, kisha atoe kh kwa nguvu. Atasikia f inanyemelea. Kila mkoa wa Uingereza ulikuwa na matamshi yake, na Kiingereza cha leo kimeokota huku na huku. Neno "dough", yaani donge la unga uliokandwa, limebaki bila f, lakini kaskazini walikuwa wakiliita "duff", na aina fulani ya pudingi inaitwa hivyo hadi leo. Neno ni lilelile moja.

Sasa mkasi. Ila nikwambie jambo ambalo walimu wengi hawalitumii: sehemu kubwa ya kazi hii Waswahili walikwisha kuifanya. Walipoyachukua maneno haya hawakutazama herufi, walisikiliza. Wakaandika taiti, plau, donati, rafu, drafti. Yote matano kwa Kiingereza yana gh, na kila moja ni ufunguo wa fungu lake. Mwanao anayajua tangu hajaingia shule.

Tuanze na fungu jepesi, la gh iliyokaa mwanzo wa neno. Hapo ni g tupu, g ya gari. "Ghost" ni mzuka, "ghastly" ni kitu cha kutisha au kibaya kupindukia, "ghetto" ni mtaa waliosukumwa watu wa kundi fulani, "ghee" ni samli, "gherkin" ni tango dogo la achari. Hili halihusiani na kh ya bibi. "Ghost" zamani liliandikwa bila h. Caxton aliishi miaka mingi Bruges, ambako leo ni Ubelgiji, na inaonekana h hiyo ilitokana na mazoea ya Kiflemi, lugha ya huko. Akaitia pia kwenye neno la bata bukini na la mbuzi, lakini huko haikushika. Kwenye mzuka ikashika. Nyingine zimekuja na wageni: samli imetoka India, "ghetto" imetoka Venice. "Ghoul", zimwi linalokula maiti, ni neno la Kiarabu, na mtoto wa Tanga anayetamka ghali na ghafla sawasawa anaweza kulitamka kwa asili yake kuliko Mwingereza. Lakini darasani aseme g, mwalimu asije akamkata alama.

Hapohapo niuzike ule mzaha unaozungushwa mitandaoni, kwamba "ghoti" ingeweza kusomwa fish: gh ya "rough", o ya "women", ti ya "nation". Husingiziwa mwandishi George Bernard Shaw, wakati ulikwisha kuandikwa mwaka 1855, yeye hajazaliwa. Na ni uongo mtupu, kwa sababu gh haisomwi f ikiwa mwanzo wa neno. Huo mzaha unawafundisha watoto kwamba Kiingereza hakina utaratibu wowote, na hapo ndipo wanapokata tamaa.

Fungu la pili ni la taiti. Popote i inapofuatwa na gh ndani ya silabi moja, soma ai na uisahau gh. "Tight" ni iliyobana, na ndiyo mama wa zile taiti za dukani. "Night", "light", "right", "bright", "sight", "flight", "high" anazijua. Zile zinazosumbua kwa maana ni chache: "thigh" ni paja, "sigh" ni kushusha pumzi kwa uchovu au huzuni, "fright" ni mshtuko wa woga, "plight" ni hali ya dhiki ambayo mtu amejikuta ndani yake, na "slight" ni -dogo, au kumdharau mtu kimyakimya. "Knight", askari mpanda farasi wa zamani, ana bubu wawili, k mbele na gh nyuma. Wakati wa Chaucer, mshairi wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1400, zote mbili zilikuwa zinatamkwa. Ndani ya fungu hili yumo na mgeni mmoja aliyejichomeka. "Delight", furaha, limetoka Kifaransa na halikuwa na gh hata siku moja. Waingereza waliliona linaimba sawa na "light", wakalivisha sare.

Mwenzake igh ni eigh, na hapo sauti ni ei: "eight", "weigh", "neighbour", "sleigh". Nyie wa mji wa bandari mna lenu humo, "freight", yaani shehena, mizigo inayosafirishwa. Wanaokaidi ni wawili tu wa kukumbuka: "height", kimo, linasomwa hait, na "sleight", ule wepesi wa mikono wa mfanya mazingaombwe, linasomwa slait. "Straight", nyoofu, ana a badala ya e lakini sauti ni hiyohiyo ya ei.

Tufike penye ugomvi wenu: gh iliyofuatwa na t, na kabla yake kuna herufi "au" ama "ou". Sauti ya fungu hili ni oo ndefu, na gh haisemi kitu. "Daughter" ni doota, "caught" ni koot, "bought" ni boot, kwa o ya Kiswahili iliyovutwa, isije ikawa kiatu. Kwa hiyo "slaughter", kuchinja au mauaji ya halaiki, ni sloota. Huyu ndiye anayefuata kanuni. Mkosaji ni "laughter". Kijana amejifunza mkosaji kwanza, akamfanya kanuni, akampima naye mwadilifu. Ndiyo maana akasoma slafta. Mwambie kosa lake lina akili. Alitazama herufi nane za "laughter", akaona ni zilezile zilizomo ndani ya "slaughter", akaongeza s. Mtu yeyote angefanya hivyo. Ila maneno hayo hayana damu moja: "slaughter" inatokana na lugha ya Waskandinavia wa kale, "laughter" ni Kiingereza cha tangu na tangu na inamfuata mama yake "laugh", mwenye f.

Humohumo utamkuta "naughty", mtundu, ambaye nampenda kwa safari yake. "Naught" ni si kitu, ndugu wa "nought" ambayo ni sifuri. "Naughty" kwanza alikuwa mtu asiye na kitu, fukara. Baadaye akawa mtu mwovu. Leo ni mtoto aliyemwaga maziwa. "Haughty" ni mwenye majivuno, anayewatazama watu kutoka juu. Asili yake ni neno la Kifaransa lenye maana ya juu, na gh alipachikwa tu kama "delight".

Vitenzi vya kawaida vya fungu hili viko saba, na hapa ndipo watu wazima tunapoanguka. Niliwahi kusahihisha ripoti ya ofisi fulani, karani kaandika: "I bought the visitor to your office." Alitaka kusema alimleta mgeni. Kilichosomeka ni kwamba alimnunua. "Buy" huzaa "bought", alinunua. "Bring" huzaa "brought", alileta. Tazama r: "bring" anayo, na "brought" anayo, "buy" hana, na mwanawe hana. Zaidi ya hapo hakuna cha kukariri. Wengine ni "think" na "thought", alifikiri. "Fight" na "fought", alipigana. "Seek" na "sought", alitafuta. "Catch" na "caught", alikamata au alidaka. "Teach" na "taught", alifundisha. Watoto huuliza ni lini waandike "au" na lini "ou". Kwa hawa saba tazama kitenzi cha sasa. "Catch" na "teach" wana a ndani yao, nao ndio wanaoandikwa kwa au. Watano waliobaki hawana a, wanaandikwa kwa ou. Ni bahati tu ya herufi, lakini inanasa, na ndiyo ninayowapa wanafunzi wangu siku zote.

Baada ya hapo mezani mtabaki na vipande kama kumi na tano, vingi vikiishia na ough. Hivi ndivyo vilivyoipa gh jina baya, na hapa funguo zetu zinafanya kazi.

Rafu ni "rough". Mpira wa rafu, mchezaji anacheza rafu, kila mtoto analijua. "Rough" pia ni kitu kinachokwaruza, au makadirio ya harakaharaka. Ukiwa na rafu una "tough", -gumu au mtu asiyelegea, na "enough", inatosha. Taf, inaf.

Plau ni "plough", lile jembe linalokokotwa na ng'ombe. Fundi wa kwanza aliyeliandika plau alituachia ufunguo wa "bough", tawi kubwa la mti, linalosomwa bau. "Drought", ukame, linaishia na t lakini haliendi na "bought". Linakwenda na plau, draut. Wamarekani wenyewe wameacha kuandika "plough", wanaandika "plow". Noah Webster, mwandishi wa kamusi yao ya mwaka 1828, aliwahi kutaka "daughter" iandikwe "dawter" na "tough" iandikwe "tuf". Hayo hayakupita. Kama yangepita, barua yako isingekuja.

Donati ni "doughnut", na nusu yake ya kwanza ni "dough" ambayo nimekwisha kuieleza. Sauti ni ou, kama anayeita kwa mbali. Fuata donati usome "though", ingawa, na "although", ambayo ni ingawa hiyohiyo iliyovaa suti.

"Cough", kikohozi au kukohoa, ni kof, na "trough", hori la kulishia au kunyweshea mifugo, ni trof. Wawili hawa wapeane mkono, hawana wenzao wengi. "Hiccough", kwikwi, linaandikwa hivyo na watu waliodhani lina uhusiano na kikohozi, lakini linasomwa hikap, na siku hizi wengi wanaliandika "hiccup". Kama limo kwenye orodha yenu, mwalimu ni mkorofi kidogo.

Sasa wale wanne wako wa kazini, pamoja na wa tano uliyemsahau, "thorough". Hapa Mswahili ana silaha ambayo Mwingereza hana. Yeye anaandika th kwa sauti mbili tofauti. Sisi tumezitenganisha, th ya thelathini na dh ya dhahabu. "Though" peke yake ndiyo yenye dh: dhou. "Thought", "through" na "thorough" zote zina th. "Tough" haina hata moja, ni t kavu. Andika hivyo pembeni ya daftari, dhou, thoot, thruu, thara, taf, uone kama zitafanana tena. Kinachozifananisha ni karatasi tu.

Kwa maana, "through" na "thorough" ndizo zinazochanganywa zaidi kwenye barua za ofisi, na wanaochanganya wana udhuru, kwa sababu zamani zilikuwa neno moja. "Through" ni kupita ndani ya kitu ukatokea upande wa pili: mlangoni, msituni, kwenye mahesabu. "Thorough" ni kazi iliyofanywa namna hiyo, kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuruka. Mhasibu "went through the books", alizipitia hesabu. Alifanya "a thorough check", ukaguzi wa kina. Ukigeuza, mhasibu hakufanya lolote linaloeleweka. Njia kuu wanayopita watu wote inaitwa "thoroughfare", humo bado unaona kupita.

Mtaona kipande kimoja kimebaki peke yake katikati ya meza, kinataka kukaa kwenye kila fungu: "draught". Kina aught kama "daughter", lakini hakisomwi droot. Ni draaft, f ya "laugh". Maana zake zinaonekana kutawanyika mpaka ujue kwamba asili ni kuvuta. Upepo unaovutwa kupitia ufa wa dirisha ni "draught". Bia inayovutwa kutoka kwenye pipa ni hiyohiyo. Ng'ombe anayevuta plau anaitwa "draught animal", na hapo gh mbili zinakutana shambani, moja f, moja bubu. Na kwa kuwa kusogeza kete ubaoni nako kuliitwa hivyo, mchezo ukaitwa "draughts". Kijana akilisahau, apite kwenye kijiwe chochote cha jirani jioni, awasikilize wazee wanavyoiita drafti. Ila Ijumaa akae macho: wanavyoitamka si anavyotakiwa kuiandika. Kwenye imla aweke u, g na h zote tatu.